Stu Ungar: Msee aliyekula blaindi za kila mtu, hadi siku meza ilikula zake

Imajini hii picha. Ni 1990, ndani ya kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas. Ni World Series of Poker, ile shindano kubwa ya poka kuliko zote, na kuingia ni dola 10,000. Meza imejaa wakali. Lakini kiti kimoja kiko tupu, na mbele ya hicho kiti kuna mlima wa chipu.

Mwenye chipu hayuko. Kila zamu yake ikifika, mgawa kadi ananyoosha mkono, anatoa chipu kwa huo mlima, anaweka katikati. Msee mwingine anaongeza pesa kidogo, hakuna wa kumjibu, anabeba. Zamu inarudi tena, zinatolewa zingine. Mlima unaisha pole pole kama sabuni kwa maji.

Mwenye hicho kiti alikuwa Stuart Ungar, wasee walimuita The Kid. Hiyo siku alikuwa amepatikana kwa chumba cha hoteli akiwa amezirai juu ya madawa. Na cheki hii maajabu: chipu zake zilikuwa mob hadi, bila yeye kukaa hapo, ziliendelea kulipa deni la meza mpaka akamaliza nambari 9. Akalipwa dola 25,000 na kitu. Alimaliza nambari 9 akiwa hayuko.

Kama hujawahi kumskia, tulia, nikupe stori yake mwanzo mwisho. Na njiani nitakufunza kitu moja ya poka yenye wengi hukosea, ile ya kulinda blaindi kubwa ukiwa na kadi mbovu. Hautaelewa maisha ya huyu msee kama hujaelewa hiyo kitu.

Mtoi wa Lower East Side

Stu alizaliwa Septemba 8, 1953, Manhattan, New York, akakulia Lower East Side, mtaa wa wahamiaji na mahustla. Mzae wake, Isidore, wasee wakimuita Ido, alikuwa na baa, na ndani ya hiyo baa kulikuwa na biashara ingine: kupokea beti za watu. Kwa hivyo Stu hakufunzwa kamari na marafiki wabaya vile mathe yako hukuonya. Aliipata kejani.

Na alikuwa na kichwa, manze. Kuna gemu ya kadi inaitwa jin rami, ya wasee wawili, yenye lazima ukumbuke kila kadi imetupwa na ukisie mwenzako ameshikilia nini. Akiwa na miaka 10 hivi alishinda shindano ya jin. Wakati wewe na mimi tulikuwa tunalilia katuni, yeye alikuwa anafinya watu wazima wenye wake na madeni.

Halafu 1967 mzae akadedi, moyo. Stu alikuwa hajafikisha hata miaka 14. Mathe wake naye akagonjeka vibaya. Shule akaiacha. Hapo simcheki vibaya, mimi pia chuo kilinishinda katikati na najua venye mlango ukifungika unaangalia kile uko nacho mkononi. Yeye alikuwa na kadi.

Aliyemchukua ni buda mmoja anaitwa Victor Romano, mtu wa mafia wa New York. Romano alipenda vichwa vikali. Alimlinda Stu, akamdhamini kwa gemu, na hii ilisaidia sana juu Stu alikuwa na mdomo mrefu. Akikushinda anakutusi pia. Bila mtu mkubwa nyuma yake angepigwa kila wiki. Kama kuna kitu alijifunza hapo, ni kwamba akiharibu, kuna mtu atalipa.

Shida ni kwamba pesa yenye alishinda kwa kadi haikulala. Ilienda kwa farasi. Alikuwa anaikusanya usiku mezani, mchana anaipeleka kwa mbio za farasi, na huko hakuwa na kichwa chochote cha maana. Alikuwa anabeti tu kama sisi wote. Madeni yakafika shingo, akahepa New York, akaenda Miami, na 1977 akatua Las Vegas.

Vegas yamkataa, akahamia poka

Huko Vegas alichapa wakali wa jin mpaka hakuna mtu alitaka kukaa naye. Stori ya mtaani inasema alimfinya Harry Stein, moja ya majina makubwa ya hiyo gemu, mechi 86 kwa 0. Waandaaji wengine wa mashindano walimwomba asiingie, juu akiingia wengine wanatoka. Ukiwa mkali kupita kiasi unakosa kazi, si ajabu?

Akajaribu blakjaki. Mwenye kasino, Bob Stupak, akambetia dola 100,000 dhidi ya 10,000 za Stu kwamba hawezi kukumbuka kadi zilizobaki kwa rundo la pakiti 6 likifika nusu. Tatu zinachezwa, tatu zinabaki, yaani kadi 156, na azitaje. Stu akazitaja. Akabeba 100,000. Baada ya hapo kasino zikaanza kumfukuza kwa meza za blakjaki pia.

Kilichobaki ni poka. 1980 akaingia World Series of Poker, gemu ya Texas Hold'em bila limiti, akiwa na uzoefu kidogo sana wa hiyo gemu. Wachezaji walikuwa 73. Mwisho wakabaki wawili: Stu, mwenye sura ya mtoi wa shule, na Doyle Brunson, jitu la Texas, bingwa mara mbili, na mwandishi wa kitabu chenye kila mtu hapo alikuwa amesoma.

Mkono wa mwisho, Brunson alikuwa na A na 7. Stu alikuwa na 5 na 4, zote za shupaza. Kadi 5 na 4! Hata bibi yako angezitupa. Zikafunguliwa tatu: A, 7, 2. Brunson ana jozi mbili, anameza mate. Stu hana kitu, ila akipata 3 tu atakuwa na mfululizo: A, 2, 3, 4, 5. Kadi ya nne ikafunguliwa. Ni 3. Brunson akaingiza zote, Stu akamngoja hapo hapo. Dola 365,000, na bingwa mdogo kuliko wote mpaka huo wakati, miaka 26.

Sasa shika hii hesabu

Wengi wakiona hiyo mkono wanasema ni bahati. Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini 5 na 4 za aina moja dhidi ya A na 7 hushinda karibu mara 4 kwa kila 10. Kadi mbovu si mbovu vile unafikiri. Na hapo ndio tunaingia kwa blaindi kubwa.

Tutumie poka ya limiti, juu hesabu yake ni safi. Mwaka wa Stu ilikuwa bila limiti, unaweza kuingiza zote saa yoyote. Kwa limiti, kila beti ina kiwango chake. Chukua meza ya dola 10 na 20. Kabla kadi zifunguliwe na baada ya zile tatu za kwanza, beti ni 10. Kwa kadi ya nne na ya tano, beti ni 20.

Kila raundi wasee wawili hulazimishwa kuweka pesa kabla waone kadi. Hizo ndio blaindi. Ndogo ni 5, kubwa ni 10. Wewe uko kwa kubwa. Kila mtu anatupa kadi, halafu msee wa kiti cha mwisho anaongeza mpaka 20. Wa blaindi ndogo anahepa. Katikati kuna 20 yake, 10 yako, na 5 ya yule mwoga. Jumla 35. Wewe unadaiwa 10 tu kuendelea.

Yaani unaweka 10 kupigania 35, na ukiweka inakuwa 45. Gawa 10 kwa 45, unapata asilimia 22 hivi. Ukishinda zaidi ya hapo, kulipa ni sawa. Na kadi nyingi sana hushinda mara 22 kwa 100 dhidi ya msee anayeongeza na chochote. Ndio maana wajuaji wa limiti hulinda blaindi kubwa na kadi zenye wewe ungeona aibu kuonyesha.

Sasa igeuze, ukae kwa kiti cha yule mvamizi. Anahatarisha 20 kubeba 15 zenu. Kama wewe na wa blaindi ndogo mnahepa zaidi ya mara 57 kwa kila 100, anapata faida bila hata kuangalia kadi zake. Ukihepa kila saa, umemwandikia cheki. Hiyo ndio biashara ya Stu. Alikuwa mvamizi. Alinusa uoga kwa meza, akaongeza, akaongeza tena, wasee wakatupa, akakula blaindi zao kama karanga.

Lakini usikimbie kulinda kila takataka, buda. Kuna mambo matatu.

Ya kwanza, ni nani ameongeza? Akiwa kiti cha mwisho, anaweza kuwa anaiba, mlinde na kadi nyingi. Akiwa wa kwanza kuongea na watu wote nyuma yake, huyo ana kitu, punguza ujeuri.

Ya pili, si kadi mbovu zote ziko sawa. 5 na 4 za aina moja zinaweza kutengeneza mfululizo au rangi moja, na zikikosa unajua zimekosa, unatupa. A na 4 za aina tofauti zinaonekana tamu, lakini kama mwenzako ana A na 8 umekwisha. A ikifunguliwa mnafurahi wote wawili, na wewe ndio unalipa.

Ya tatu ndio kubwa. Ile asilimia 22 ni ya karatasi. Baada ya kadi kufunguliwa, wewe unaongea kabla yake kila raundi, na hiyo inakukata. Kwa hivyo ukilinda halafu kadi zikakataa, toka. Msee wengi hulipa 10 kulinda, halafu 10 ya pili, halafu 20, halafu 20 ya mwisho juu washaanza. Hiyo ni dola 60 zimeenda kulinda 10 yenye ilikuwa imekwenda kitambo. Pesa ikishaingia katikati si yako tena. Ni ya meza.

Kariri hiyo sentensi ya mwisho, tutairudia.

Juu, halafu chini

1981 akarudi, akashinda tena. Dola 375,000. Hiyo mwaka karibu afungiwe nje juu alimtemea mate mgawa kadi. Benny Binion, mwenye kasino, alitaka atolewe, ni kijana wake Jack ndiye alimtetea. Umeona? Kuna mtu alilipa tena.

1982 akaoa, wakapata binti. Pia alimlea kijana wa mke wake kama wake. Kwa nje ilikuwa maisha safi: nyumba, madinga, manoti kwa mfuko. Lakini kokeini ilikuwa imeingia. Kwa gemu za siku mbili tatu bila kulala, ilikuwa imeenea kama vile jaba iko kwa meza zetu, na yeye aliichukua kama kifaa cha kazi. Baadaye kifaa kikawa mdosi.

Farasi na mechi navyo havikuisha. Mezani alikuwa msee wa kutupa kadi bila kupepesa jicho. Nje ya meza hakuwahi kutupa chochote. Alipoteza beti, akaongeza maradufu, akapoteza, akaongeza. Ule ule msee aliyejua hesabu ya kadi 156 kwa kichwa alikuwa analipa 60 kulinda 10, kila siku.

Ndoa ikavunjika 1986. Mwaka 1989 yule kijana aliyemlea akajitoa uhai. Hapo sitaongeza maneno. Mwaka uliofuata ndio ule wa kiti tupu nilikuonyesha mwanzo, na sasa unaelewa uzito wake. Msee aliyekula blaindi za dunia nzima, zake zinachukuliwa moja moja na hakuna mtu wa kuzilinda. Billy Baxter, rafiki na mdhamini wake, ndiye alikuwa amemlipia kuingia.

1997, alirudi kama mzimu

Miaka saba ikapita. Stu alikuwa amesota, amekonda, pua imeharibika na kokeini hadi alivaa miwani midogo ya bluu ya mviringo kuificha. Vijana wapya wa poka walimjua kama hadithi tu. Siku ya kuanza World Series ya 1997 hakuwa hata na doh ya kuingia. Baxter akatoa dola 10,000 dakika za mwisho kabisa.

Siku ya kwanza alikuwa anasinzia mezani. Lakini alishikilia. Alikuwa amebeba picha ya binti yake. Siku ya pili kichwa kikafunguka, na kuanzia hapo haikuwa mashindano, ilikuwa maonyesho. Wachezaji 312 walianza. Meza ya mwisho ikawekwa nje, barabarani Fremont Street, jua la Nevada likichoma. Stu akavamia blaindi zao vile alikuwa anafanya akiwa mtoi.

Mkono wa mwisho, John Strzemp alikuwa na A na 8. Stu alikuwa na A na 4. Unakumbuka nilikwambia nini kuhusu A na 4? Ndio hiyo hiyo. Zikafunguliwa A, 5, 3, pesa zote zikaingia. Ya nne ikawa 3 tena. Zilibaki kadi 7 kati ya 44 za kumpa ushindi. Ya mwisho ikaanguka: 2. A, 2, 3, 4, 5. Mfululizo ule ule wa 1980, miaka 17 baadaye.

Dola 1,000,000, nusu yake ikiwa ya Baxter kwa makubaliano. Magazeti yakamuita mtoto aliyerudi. Kila mtu aliamini hii sasa ndio ile kuokoka.

Miezi michache tu, zilikuwa zimeisha. Kokeini na mechi.

Chumba nambari 6

1998 Baxter akamlipia tena kuingia. Bingwa mtetezi anangojwa, kamera zimewekwa. Dakika kama kumi kabla gemu ianze, Stu akamwambia hawezi, amechoka, hataki watu wamwone vile alikuwa. Hiyo ndio mara ya kwanza nimesoma kwa maisha yake yote akitupa kadi nje ya meza. Lakini alitupa kuchelewa.

Novemba 22, 1998, alipatikana amedeadi kwa chumba nambari 6 cha Oasis Motel, Las Vegas. Alikuwa na miaka 45. Alikuwa na dola kama 800. Daktari wa serikali alisema ni moyo, uliochoshwa na madawa ya miaka mingi. Mamilioni yalikuwa yamepita kwa hiyo mikono. Kumzika, Bob Stupak, yule yule aliyempoteza dola 100,000 kwa kadi 156, ndiye alizunguka kwa wasee kukusanya mchango. Mwaka wa 2001 wakamweka kwa jumba la mashujaa wa poka, na 2003 filamu ikatoka kuhusu maisha yake.

Sasa wewe

Najua uko kwa mat, au kwa foleni, au kitandani na simu iko asilimia 12. Na najua kuna wenye wako na apu ya kubeti hapo kando ya hii stori. Sikuhubirii. Mimi si pasta, na nimewahi kutembea kutoka tao juu fea iliingia kwa ndege ikapaa bila mimi.

Nataka tu ubebe kitu moja. Watu wakisimulia Stu Ungar husema alikuwa na kichwa kikubwa na roho dhaifu. Mimi naona tofauti kidogo. Alijua kulinda kadi mbovu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi, juu mezani alijua bei. 10 kupigania 35, ndio. 60 kulinda 10, hapana. Nje ya meza hakuna mtu alimwekea bei, na kila mara alipoanguka kulikuwa na Romano, kulikuwa na Binion, kulikuwa na Baxter. Walimpenda, na walimlipia blaindi moja zaidi.

Maisha yatakukatia 5 na 4 mara mob. Umezaliwa nazo, umefutwa kazi nazo, umeacha chuo nazo. Zilinde, zinashinda kuliko unavyofikiri, wasikutishe. Lakini kadi zikifunguliwa zikatae, angalia ile pesa imeingia katikati, jikumbushe si yako tena, na uinuke kwa kiti ukiwa bado unaweza kuinuka.

Juu kiti kikibaki tupu, meza haikungojei. Mgawa kadi anaendelea tu kunyoosha mkono.